Mpita njia wa kila wiki huona asichokiona mtalii

Ukitaja kupiga picha za wanyama na mandhari, wengi hufikiria wageni wenye kofia pana, magari ya kukodi na lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Mimi si mmoja wao. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, na nikarejea Rwanda pamoja na wazazi wangu katikati ya miaka ya 1990. Kazi yangu ni biashara ndogo ya nafaka kati ya Ngara na Kibungo. Kamera ni mapenzi tu. Nilianza na mkanda wa picha 36, ambao ulinifundisha kutopoteza hata picha moja, na sasa natumia kamera ndogo ya dijitali au simu.

Kwa miaka yote hiyo nimeona kwamba sisi wa mpakani tuna bahati ambayo hatuijui. Mtalii huja mara moja, akapiga picha nzuri, akaenda zake. Mfanyabiashara hupita pale pale kila wiki, masika na kiangazi. Picha yake moja huenda isimvutie mtu. Lakini picha zake kumi za mahali pamoja, zikipangwa kwa tarehe, hueleza habari ambayo mtalii hawezi kuipata.

Tuchukue mfano wa Rusumo. Mto Akagera, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita Kagera, hukutana na Ruvubu karibu na maporomoko hayo. Mwezi wa Aprili maji hushuka yakiwa na rangi ya udongo wa matofali. Mwezi wa Agosti mto huwa umetulia na rangi imepungua. Nikiziweka picha hizo mbili mezani, hata mtoto wa darasa la nne huelewa mmomonyoko wa ardhi ni nini. Ule wekundu ni mashamba ya watu yanayosafiri kwenda Ziwa Victoria.

Dunia ililifahamu daraja la Rusumo kwa picha za mwisho wa Aprili 1994, wakati wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka kuingia Tanzania katika muda wa kama siku moja. Picha zile ni ushahidi na hazipaswi kufichwa. Hata hivyo, hazipaswi kubaki peke yake. Tarehe 6 Aprili 2016, Rais Paul Kagame na Rais John Magufuli walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani. Anayepita sasa haoni tena malori yakisubiri zamu kwenye lile daraja la zamani jembamba. Baadaye ukaja mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na Rwanda, Burundi na Tanzania. Ukingo ule umebadilika mara kadhaa machoni petu, na sisi ndio tuliokuwepo.

Kwa wenzangu waliorejea, mfano mwingine uko karibu zaidi. Hifadhi ya Akagera ilianzishwa mwaka 1934. Mwaka 1997 ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu, ardhi ikagawiwa watu waliorudi kutoka ukimbizini, wengi wao wakiwa na ng'ombe. Hakuna wa kumlaumu mtu aliyetaka mahali pa kujenga baada ya miaka mingi ya ugenini. Lakini ni vema tukumbuke kwamba baadhi ya vijiji vyetu vilikuwa mbuga juzi tu.

Mzee mmoja wa kijiji kimoja huko mashariki alinionyesha mgunga mkubwa katikati ya mahindi yake. "Kijana, nilipofika hapa nyamera walikuwa wanalala chini ya mti huu," aliniambia. Nilimwomba asimame kando yake, nikapiga. Mwaka uliofuata mti ule ulikatwa ukachomwa mkaa. Nilimpelekea nakala ya picha, naye akaitundika sebuleni. Wajukuu zake waliozaliwa pale walidhani ni picha ya nchi nyingine.

Hifadhi yenyewe, yenye kilomita za mraba 1,122, imepata uhai mpya. Uzio wa upande wa magharibi ulikamilika mwaka 2013. Simba, ambao walikuwa wametoweka, walirudishwa mwaka 2015, saba wa kwanza wakitoka Afrika Kusini. Mwaka 2017 walifuata faru weusi. Wageni hulipa fedha nyingi kuja kuwapiga picha. Ni haki yao. Swali langu ni hili: nani atapiga picha ya upande wa huku wa uzio, ambako mwanadamu na ng'ombe wake wamechukua nafasi ya nyamera?

Kuhusu ufundi, hauhitaji shule. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, hivyo jua hupanda haraka. Mwanga mzuri ni wa saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na tena baada ya saa 10 jioni. Saa sita mchana nyuso huwa nyeusi na milima hukosa umbo. Kiangazi huleta vumbi na moshi wa mashamba. Ukitaka milima ionekane hadi mbali, subiri mvua ikatike. Kama mkono unatetemeka, weka kamera juu ya mfuko wa maharage. Hata wapiga picha wakubwa hutumia mfuko wa namna hiyo, na sisi tunao tayari kwenye mzigo. Kwa wanyama, usiwafukuze. Ukibahatika kufika kwa sokwe wa milimani, zima fleshi na usisogee zaidi ya unavyoruhusiwa na mwongozaji.

Jambo zito zaidi ni ruhusa. Daraja, kituo cha forodha na askari ni mambo ya usalama. Mimi huuliza kwanza, na nikikataliwa ninageuza kamera kwenye maji au kwenye miti. Watu nao wana haki yao. Asubuhi moja pale mpakani nilitaka kumpiga picha mama mwenye kikapu cha ndizi kichwani, ukungu ukiwa nyuma yake. Aliponiona nashika kamera aliniuliza, "Kaka, hiyo picha unampelekea nani? Kesho wa ushuru akijua njia yangu, wewe utanilipia?" Nilimjibu kwamba ni ya kwangu na kama hataki siipigi. Hakutaka. Niliirudisha kamera mfukoni, nikanunua ndizi zake.

Mama yule alisema kweli. Picha ya mandhari ikiwa na mtu ndani yake, ina riziki ya mtu ndani yake. Mgeni anaweza kuisahau akishapanda ndege. Sisi tutakutana na mwenyewe wiki ijayo sokoni, na hilo linapaswa kututia adabu.

Ndugu msomaji unayevuka mpaka, sikushauri ununue kamera ya bei ghali. Chagua mahali pamoja kwenye njia yako: kilima, mti, kona ya mto, kinamasi. Simama pale pale kila msimu, upige mara moja, kisha uandike tarehe na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitaja. Jina hilo ni muhimu, kwa sababu wazee wanaolijua wanaondoka nalo. Halafu peleka zile chache zilizo bora studio zikachapishwe. Picha iliyo ndani ya simu hufa na simu.

Familia nyingi zilizorejea hazikuja na picha hata moja ya vilima walivyoviacha. Wazazi walituelekeza kwa maneno tu, na tulipofika tulikuta kila kitu kimebadilika. Watoto wetu wasiambiwe kwa maneno tu.