Utenganishaji wa nyaya za msongo mkubwa na msongo mdogo katika transfoma

Utenganishaji wa nyaya za msongo mkubwa na msongo mdogo ni utaratibu wa kuweka mbalimbali nyaya zinazoingiza umeme kwenye transfoma na zile zinazoupeleka kwa watumiaji. Lengo lake ni kuzuia umeme wa upande mmoja usivukie upande wa pili, na kumlinda fundi asiguse kwa bahati mbaya upande asiokusudia. Utaratibu huu unahitajika katika kila transfoma, lakini zaidi katika zile zinazokaa chini, juu ya jukwaa la zege na ndani ya kabati la chuma. Humo nyaya za pande zote mbili hukaribiana, na mlango uko usawa wa mkono wa mtu.

Msongo unaohusika

Nchini Tanzania umeme husambazwa mijini na vijijini hasa kwa njia za kilovolti 33 na kilovolti 11. Transfoma huushusha hadi volti 400 kati ya fezi na fezi, yaani volti 230 kati ya fezi na nyutro.

Katika njia ya kilovolti 33, kila fezi ina takriban volti 19,000 kuhusiana na ardhi. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 80 ya volti 230. Waya wa upande huo ukigusa waya wa msongo mdogo, na nyutro ikiwa haijaunganishwa vizuri na ardhi, msongo wa hatari hufika hadi kwenye soketi za nyumba zilizo mbali na transfoma. Vihami vya nyaya za nyumbani haviwezi kuuhimili, hivyo vyombo huungua, nyumba hushika moto na watu wanaweza kufa.

Njia za kutenganisha

Ndani ya transfoma, koili ya msongo mdogo kwa kawaida huzungushwa karibu na kiini cha chuma, na koili ya msongo mkubwa huwa nje yake. Kati yao huwekwa karatasi ngumu ya kuhami, na katika transfoma nyingi vyote huzama ndani ya mafuta.

Nje ya tangi hutumika nafasi na kizuizi. Vifaa visivyofunikwa vya kilovolti 33 huhitaji nafasi ya hewa ya takriban milimita 320 kutoka kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi, ilhali kwa volti 400 milimita chache hutosha. Kwa hiyo, waya wa msongo mdogo haupaswi kupitishwa katika sehemu ya msongo mkubwa.

Katika kabati za mtindo wa Marekani, sehemu ya msongo mkubwa huwa kushoto kwa mtu anayetazama kabati, na ya msongo mdogo huwa kulia, zikitengwa na ukuta mgumu. Mlango wa kushoto haufunguki kabla ya ule wa kulia kufunguliwa. Katika vituo vya mtindo wa Ulaya, kila upande huwa na chumba na mlango wake.

Utenganishaji ardhini

Nyaya zilizotengwa hewani zinaweza kuunganishwa na udongo. Hitilafu ikitokea upande wa msongo mkubwa, umeme huingia ardhini na kuinua msongo wa udongo unaozunguka transfoma. Nyutro ikiwa imefungwa kwenye fito hizohizo, msongo huo husafiri nayo hadi kwa watumiaji. Ndiyo maana, mahali ambapo ardhi haipitishi umeme vizuri, fito za tangi na fito za nyutro huchimbiwa mbalimbali.

Jambo hili lina uzito katika maeneo kama Mugango, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Sehemu nyingi za Musoma zina miamba, nayo hupitisha umeme kwa shida. Aidha, eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yenye radi nyingi duniani, na radi ikipiga njia ya umeme husukuma msongo mkubwa hadi kwenye transfoma.

Mipaka ya utenganishaji

Kutenga nyaya hakumaanishi kwamba umeme umekatwa. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili: ikipewa volti 400 upande wa msongo mdogo, hutoa kilovolti 33 upande wa pili. Hivyo jenereta ya mashine ya kusaga au ya pampu za maji, kama zile za mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, ikiunganishwa bila swichi ya kubadilishia, inaweza kurudisha umeme kwenye njia ambayo fundi anaamini imezimwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kazi fundi hukata umeme pande zote mbili, hufunga swichi kwa kufuli, hupima kuhakikisha hakuna umeme, kisha huunganisha nyaya na ardhi.