Kahindo binti Muisa: Binti wa Mwami Anayempinga Baba katika Utendi wa Mwindo

Msomaji wa riwaya za mapenzi zilizochanganywa na maajabu amekwisha kumzoea binti mfalme mkaidi. Baba yake ana enzi, pengine ana uchawi pia. Mgeni anafika mlangoni akitafuta kitu kilichofichwa, baba anampa kazi zisizowezekana ili afie humo, na binti, kwa kuwa moyo wake umemwelekea mgeni, anamtobolea siri za nyumba. Kuanzia hapo hadithi huwa na njia mbili tu. Ama wawili hao wanatoroka na kuoana, na baba anaachwa na ghadhabu yake. Ama mapenzi yanageuka kuwa msiba, na binti anabaki bila baba na bila mume.

Tunakusudia kumweleza hapa binti mmoja wa kwetu, Kivu, ambaye alifanya yote anayoyafanya binti huyo wa riwaya, ila hakufuata mojawapo ya njia hizo mbili. Jina lake ni Kahindo, bintiye Muisa, naye anapatikana katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga. Wengi wanaoutaja utendi huo humtaja Mwindo, baba yake Shemwindo, na shangazi yake Iyangura. Kahindo hupitiwa haraka, kama kijakazi wa hadithi. Kwa maoni yetu hilo ni kosa la usomaji, na sababu zake tutazionyesha.

Wanyanga ni watu wa msitu wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, wawindaji na wakulima wa migomba. Utendi tunaouzungumzia ulisimuliwa na kuimbwa na Candi Rureke mwaka 1956 kwa muda wa siku kumi na mbili, ukaandikwa kwa Kinyanga kutoka kinywani mwake. Daniel Biebuyck na mwanaisimu wetu Kahombo Mateene waliutoa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1969. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine matatu ya shujaa huyohuyo, nayo hayalingani na hili kwa kila jambo. Sisi tunashika la Rureke peke yake, maana ndilo linalompa Kahindo nafasi tunayoitaka.

Kisa chenyewe kinaanza na amri. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anaoa wake saba na kuwatangazia kwamba wazae wasichana tu. Atakayezaliwa mvulana, atamwua. Msimulizi hajisumbui kueleza sababu. Msikilizaji wa Kivu ataifikiria mahari, kwani mabinti huleta mali nyumbani na mwana wa kiume huja kudai kiti. Wake sita wanazaa wasichana. Wa saba anamzaa Mwindo, mtoto anayezaliwa akicheka, akisema na kutembea, mkononi ana usinga wa mkia wa nyati. Baba anajaribu kumwua kwa mkuki, anajaribu kumzika, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto haangamii. Anamfikia Iyangura, dada ya baba yake, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji. Kwa msaada wa wajomba zake na wa Nkuba, yaani Radi, anarudi na kuiteketeza Tubondo. Shemwindo anakimbilia Kuzimu, na mwana anamfuata huko. Juu ya shimo Iyangura ameshika ncha ya kamba ili ajue kama mtoto wa kaka yake yu hai.

Hapo ndipo tunapomkuta Kahindo.

Hakai juu ya zulia. Yuko mahali pa maji, penye njia ya kuingilia katika nchi ya baba yake, na mwili wake umejaa buba. Mwindo hamkimbii, anamwosha vidonda vyake na kumsafisha. Kahindo naye anamweleza jinsi baba yake anavyowapokea wageni. Muisa, anasema, ni mtu mrefu sana, hujikunja karibu na majivu ya moto. Atakupa kiti: usikikalie. Atakupa pombe ya ndizi: usiinywe. Atakupa ugali: usiule.

Tuyatazame mambo hayo matatu kwa utulivu, maana uzito wa Kahindo umo humo. Kiti, kinywaji na chakula ndiyo heshima yote ambayo mwenyeji anaweza kumpa mgeni, si kwa Wanyanga tu bali kila mahali ambako Kiswahili kinasemwa. Kwa Muisa vitu hivyo vimekuwa mitego. Mwenye nyumba ameushika ukarimu na kuugeuza silaha. Kwa hiyo binti anapofichua siri havunji desturi ya nyumba. Desturi imekwisha kuvunjwa na baba, na binti anamwokoa mgeni kutoka katika magofu yake.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Kahindo hamwambii Mwindo akatae kwa matusi au kwa ubishi, anampa maneno ya kukataa, na maneno yote yamejengwa juu ya heshima ya mtoto kwa baba. Mwindo amwite Muisa baba. Kiti akikatae kwa kuuliza kama kichwa cha baba kinaweza kuwa kigoda cha mwana. Pombe aikatae kwa sababu mtoto, ingawa ni mtoto, hanywi mkojo wa baba yake. Na ugali vivyo hivyo, kwa sababu iliyo chafu zaidi. (Tendi za kale hazina aibu ya darasani, na mwalimu asiifanyie kazi ya kuipaka chokaa.) Yaani uasi wenyewe umevikwa adabu. Muisa ananaswa kwa ubaba wake mwenyewe. Akitaka mgeni akae, anywe au ale, itambidi akubali kwamba yeye si baba wa mtu yeyote. Sijui riwaya ya kisasa ambamo binti mfalme mkaidi amepata akili ya namna hii. Wengi wao hupiga kelele, wakafunga mlango, wakaruka dirishani.

Muisa anamtambua mgeni wake, kisha anamwagiza akapumzike katika nyumba ya Kahindo, ambaye anamwita dada yake. Hapa utendi unapunguza mwendo. Kahindo anajisafisha, anampokea mgeni ndani, anampikia. Ugali wa baba ulikuwa najisi, wa binti ni chakula kweli, na ukarimu uliokufa ukumbini unafufuka katika kibanda cha msichana. Muisa anakuja kuchungulia, anawaona wameketi pamoja, anafahamu kwamba bintiye amekwisha kumpenda Mwindo kiasi cha kuweza kufa kwa ajili yake. Hasira inampanda, na kazi ngumu zinaanza kesho yake.

Kazi ya kwanza ni kulima, kupanda na kuvuna shamba la migomba kwa siku moja. Vyombo vya Mwindo vinafanya kazi vyenyewe, migomba inakua, ndizi zinaiva kabla ya jua kuchwa. Muisa anautuma mkanda wake wa kauri, nao unamwangusha Mwindo kifudifudi; usinga unamwinua. Mwindo naye anautuma usinga wake ukampige Muisa. Kazi ya pili ni kurina asali juu ya mti, na mkanda unamnasa tena, hata Nkuba anakuja kuupasua mti. Lakini wakati huo Shemwindo amekwisha kukimbilia mbele, na Mwindo, kabla ya kumwandama, anampiga Muisa hata anakuwa maiti.

Anayejua fasihi ya Wayunani atakuwa amekwisha kumkumbuka Medea, binti wa mfalme Aietes wa Kolkhis. Jason alipokuja kutafuta ngozi ya dhahabu, Aietes alimwamuru awafunge nira mafahali wanaopumua moto, alime shamba na kupanda meno ya joka, yote kwa siku moja. Medea alimpa dawa ya kujipaka isiyoruhusu moto kumla. Hata kilimo cha siku moja kimo katika hadithi zote mbili, na hatuna haja ya kutafuta nani alimwiga nani: baba mwenye enzi anapotaka kumwua mgeni bila kuonekana kwamba anaua, shamba ni mahali pazuri. Tofauti iko katika yanayofuata. Medea anatoroka na Jason, damu ya kaka yake inamwagika njiani, na baadaye, katika tamthilia ya Euripides iliyochezwa Athens mwaka 431 K.K., Jason anamwacha ili aoe binti wa mfalme mwingine. Medea hawezi kurudi kwao. Ameshaichoma njia ya nyuma.

Kahindo hakuichoma. Mwindo, baada ya kumpata baba yake kwa Sheburungu kwa kushinda mchezo wa kamari, anarudi na Shemwindo akipitia kwa Muisa. Binti anatoka kumpokea. Hamlaki kwa nderemo. Anamwonyesha mifupa ya baba yake na kumtaka asimwache hivyo. Amwamshe, kwa kuwa ndiye mkubwa wa watu wote wa nchi hiyo. Mwindo anampiga maiti kwa usinga, na Muisa anafufuka, huku akisutwa kwamba alijaribu kujilinganisha na asiyelingana naye.

Tunaomba msomaji akae kidogo na tukio hili. Msichana aliyemtobolea mgeni siri za baba sasa anamdai mgeni uhai wa baba huyohuyo. Wako watakaosema kwamba amejipinga, kwamba uasi wake ulikuwa wa siku moja tu na sasa amerudi chini ya mamlaka. Hatukubaliani nao. Mara ya kwanza Kahindo alizuia mgeni asiuawe na mwenyeji. Mara ya pili anazuia mwenyeji asiachwe amekufa na mgeni. Anasimama pale pale, mauti ndiyo iliyohama. Na tukumbuke anayezungumza naye. Mwindo amekuja Kuzimu akimwinda baba yake mzazi, na sasa anamshika mkono akimrudisha nyumbani akiwa hai, tayari kumsamehe. Kahindo anamtaka amtendee Muisa kama anavyomtendea Shemwindo. Hapo mwana anayempinga baba na binti anayempinga baba wanakutana, na binti ndiye aliyekuwa ameielewa sheria hiyo tangu mwanzo.

Sasa ndoa. Muisa, baada ya kufufuka, anamwomba Mwindo amwoe Kahindo hapo kwake. Mwindo anakataa: hawezi kuoa mahali hapo, ataoa siku moja kwao Tubondo. Msomaji aliyelelewa na riwaya atakasirika, na tumewahi kuwasikia wanafunzi wakimwita Mwindo mtu asiye na shukrani. Shauri lao si bure, kwani vidonda vilioshwa, lakini siri za msichana zilikuwa na bei kubwa zaidi ya maji. Hata hivyo kuoa Kuzimu ni kukaa Kuzimu. Kamba bado imo mikononi mwa Iyangura, Tubondo ni majivu yanayongoja kuamshwa, na mwami hajengi kwa wakwe. Utendi hausemi Kahindo alijibu nini. Msimulizi anaendelea na safari, naye anabaki nyuma pamoja na baba aliyemsaliti na kumwokoa. Kwangu mimi kimya hicho ni kizito kuliko maneno mengi yanayomsifu shujaa.

Usawa wake unapatikana kwa Iyangura. Yeye pia ni binti wa nyumba ya enzi aliyesimama upande wa anayewindwa dhidi ya ndugu yake wa damu, na yeye pia anataka amani irudi: baada ya vita anataka Tubondo na watu wake wafufuliwe. Tofauti ni kwamba Iyangura anapata kiti katika baraza la mwisho, Kahindo hapati. Mmoja ni shangazi, ana haki inayotambulika juu ya mtoto wa kaka yake. Mwingine alikuwa na mapenzi tu.

Yanabaki mambo ya lugha, nayo yanatuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili. Atakayeuweka utendi huu katika Kiswahili atakutana kwanza na neno “binti mfalme”. Neno hilo limetoka katika majumba ya pwani na ya Elfu Lela Ulela. Linamfaa Mwelekevu wa Shaaban Robert, yule aliyebaki hai peke yake katika mji wa mawe wa Adili na Nduguze (1952) kwa sababu aliiacha imani ya wazazi wake. Halimfai msichana mwenye buba anayepika mwenyewe. “Binti wa mwami” lina ukweli zaidi, na kila msomaji wa Kivu analifahamu bila maelezo.

Kitendo chake ndicho kigumu. “Kuasi” ni neno la raia juu ya mtawala, au la mja juu ya Mungu. Lina vita ndani yake. “Kukaidi” kunahitaji amri iliyotolewa na kukataliwa, wala Muisa hakumwamuru Kahindo anyamaze. “Kusaliti” kunamhukumu kabla hatujamsikiliza; sisi wenyewe tumelitumia neno hilo hapo juu, kwa kuwa ndilo ambalo Muisa angelitumia. Tukitaka neno litakalobeba mahali pa maji na mifupa pia, tunaona “kumzuia baba” linatosha. Ni neno dogo, halina fahari, na katika Kiswahili mtu huweza kumzuia amchukiaye na huweza pia kumzuia ampendaye asianguke shimoni.