TUNDU TUPU KATIKA GIABOKSI: FUNDI AULIZE KWANZA, AZIBE BAADAYE

Kuifungua giaboksi ya gari la safari za porini ni nusu ya kazi. Nusu iliyo ngumu zaidi ni kuifunga. Aghalabu hutokea kwamba kila gia imerudi mahali pake, gasketi imebandikwa, kifuniko kimekazwa, na bado tundu moja limebaki bila bolti. Dereva anangoja, zamu inakaribia, na katika kopo la bolti za zamani imo moja inayoonekana kufanana na zile nyingine. Fundi mwenye pupa huichukua, huilazimisha kwa spana mpaka ikaze, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tundu tupu lina maswali matatu ndani yake. Je, mahali hapo palikuwa na bolti? Kama ilikuwapo, ilikuwa ya namna gani? Na sasa iko wapi? Fundi asiyejibu maswali hayo yote hajaifunga giaboksi; ameficha tatizo chini ya kichwa cha bolti.

Mfano mwema ni gari la Land Rover, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili, 1948, na ambalo kwa miaka mingi limewabeba wanajeshi na polisi wa Afrika Mashariki. Umbo lake la asili liliacha kutengenezwa Januari, 2016, lakini magari mengi ya aina hiyo yangali barabarani, na giaboksi zake zimekwisha pita katika mikono ya mafundi wengi.

SI KILA TUNDU HUTAKA BOLTI

Chini kabisa ya nyumba ya klachi, yaani sehemu iliyo kati ya injini na giaboksi, Land Rover ina tundu lenye hesi ambalo kwa kawaida huachwa wazi. Fundi mgeni akiliona hudhani kuwa bolti imepotea. Sivyo. Tundu hilo limewekwa makusudi ili mafuta yanayopenya katika sili ya nyuma ya injini, au sili ya mbele ya giaboksi, yapate kudondoka nje. Likizibwa daima, mafuta hujikusanya, huilowesha klachi, nayo huanza kuteleza. Gari huunguruma sana lakini mlima halipandi.

Tundu hilo lina kizibo chake maalumu. Hufungwa wakati gari linapotaka kuvuka mto au maji ya mafuriko, na hufunguliwa mara baada ya kuvuka. Basi mahali pake pa kukaa siku za ukavu ni pamoja na zana za gari, mahali ambapo dereva atakipata bila kutafuta.

Vivyo hivyo, tundu dogo la kupumulia lililo juu ya giaboksi halipaswi kuzibwa. Mafuta yakipata moto, hewa iliyomo hutanuka. Ikikosa njia ya kutokea, huyasukuma mafuta nje kupitia kwenye sili.

Kwa matundu mengine, chuma chenyewe hutoa ushahidi. Pakiwa na duara safi, linalong'aa, kuzunguka mdomo wa tundu, hapo kichwa cha bolti au washa ilikuwa imekalia. Kama tundu limejaa udongo mkavu na hakuna alama ya duara, limekaa wazi siku nyingi. Na tundu lisilo na hesi huenda ni njia tu ya bolti ipitayo hadi upande wa pili, au ni nafasi ya pini ya kulinganisha vipande viwili.

HESI ZIFANANAZO KAMA PACHA

Ikithibitika kwamba bolti imekosekana, kazi ya pili ni kuitambua. Magari ya Land Rover ya miaka ya mwanzo yalifungwa kwa hesi za Kiingereza, ambazo meno yake yana pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi za pamoja zenye pembe ya nyuzi 60, nazo zikaingia katika magari hayo pole pole. Baadaye zikaja hesi za milimita. Na kwa kuwa giaboksi ya gari moja yaweza kuhamishiwa gari jingine, karakana moja hukutana na aina zote tatu.

Tazama mtego uliopo. Bolti ya 5/16 ya inchi ina unene wa milimita 7.94. Bolti ya milimita 8 haizidi hapo ila kwa unywele. Kichwa cha ile ya kwanza, katika hesi za pamoja, hushikwa na spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, kichwa cha ya pili hushikwa na spana ya 13. Kwa macho ni pacha. Lakini bolti ya 5/16 yenye hesi nyembamba za pamoja ina meno 24 katika kila inchi, mwenziwe wa Kiingereza ana 22, na ile ya milimita 8 ya kawaida ina meno 20 na kitu. Ikilazimishwa isiyo yake, huingia mizunguko miwili au mitatu, kisha huanza kuyakata meno ya tundu. Bolti ni ya chuma na giaboksi ni ya alumini. Hapana haja ya kuuliza nani atashindwa.

Dawa ni rahisi. Ifunguliwe bolti ya jirani iliyo nzima, na hesi zake zilazwe juu ya hesi za ile inayopimwa, zikielekezwa kwenye mwanga. Meno yakiingiana bila kuacha upenyo, hesi ni moja. Kisha bolti iingizwe kwa vidole vitupu mpaka karibu na mwisho. Bolti inayodai spana tangu mzunguko wa pili imekwisha kataa.

UREFU NAO UPIMWE

Bolti za kifuniko kimoja huenda zikatofautiana urefu. Fupi mno hung'oa meno. Ndefu mno hugonga mwisho wa tundu na kupasua alumini, au hutokeza ndani na kugusa gia. Kina kipimwe kwa waya mwembamba. Tuseme kifuniko kina unene wa milimita 10, washa milimita 2, na tundu lenye hesi lina kina cha milimita 20. Bolti ya milimita 8 katika alumini yafaa ishike kiasi cha milimita 12 hadi 16, au zaidi kidogo. Bolti yenye urefu wa milimita 30 itaingia 18 na kuacha 2 za usalama. Ya milimita 35 haifai hata kama ndiyo pekee iliyomo koponi. Mafuta yaliyotuama ndani ya tundu nayo yafutwe, kwani hayabonyei na yaweza kupasua chuma.

ILIYOPOTEA IKO WAPI?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, nalo ndilo la hatari kuliko yote. Bolti mpya haifuti ile ya zamani. Kama iliangukia ndani, itasubiri mpaka meno ya gia yaidake. Hapo gia huvunjika, au giaboksi hukwama ghafula gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo sakafu ifagiwe, beseni la mafuta lichujwe kwa kitambaa, na sumaku ipitishwe ndani, fundi akikumbuka kwamba sumaku haivuti shaba wala alumini. Bolti isipopatikana, kifuniko kifunguliwe tena. Saa mbili za kuchelewa zina nafuu kuliko usiku mmoja porini.

Mashaka haya yote yaweza kuepukwa kwa kipande cha kadibodi ya sanduku la sabuni. Kabla ya kufungua, umbo la kifuniko lichorwe juu yake, na kila bolti inapotoka ichomekwe mahali pake katika mchoro. Chombo kimoja cha kuchanganyia bolti zote kiondolewe kabisa karakanani.

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Askari anayepanda gari la doria haioni giaboksi. Huitumaini kazi ya fundi, na nyumbani wamo wanaomtazamia arudi. Fundi anayelijibu kila tundu kabla ya kufuta mikono ndiye anayewarudishia mtu wao.