Fundi kasema ‘toa masega’? Soma hii kwanza

Hiace imechoka. Unatoka Makumbusho na abiria wako vizuri tu, lakini ukifika Bunju ukitaka kulipita lori la mchanga, unakanyaga mafuta na gari linaunguruma bila kuondoka. Unalipeleka gereji, Mapinga au Bagamoyo mjini. Fundi anaingia chini, anatoka na jibu moja: “Masega yameziba bosi. Tunatoa, tunachomelea, gari inarudi kama mpya.”

Anaweza kuwa sahihi, lakini nusu tu.

Masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani kuna kauri yenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, vilivyopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto ukipita humo, sumu ya kaboni monoksidi na petroli ambayo haikuungua hugeuka kuwa kaboni dioksidi na maji. (Hiace za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L au 3L, nyingi hazina kitu hiki. Tunaongelea za petroli.)

Sasa, masega hayazibi yenyewe. Ringi za pistoni zikiisha, injini inakula oili na majivu yake yanaganda kwenye vitundu. Plagi ikiwa mbovu, petroli mbichi inaenda kuungulia ndani ya masega hadi kauri inayeyuka. Ukiyatoa gari litapumua kweli, ila ugonjwa umebaki kwenye injini.

Tabia ya kuyatoa nadhani ina historia. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi inaua masega kabisa. Nchi za Afrika Kusini mwa Sahara zilikubaliana kuachana nayo huko Dakar mwaka 2001, na ilipofika 2006 ikawa imeondoka. Sababu hiyo haipo tena, grenda ndiyo imebaki.

Kabla ya kukubali, mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, kisha mzunguke kidogo. Litapiga kelele, vumilia. Nguvu zikirudi, masega yameziba kweli. Zisiporudi, tatizo liko kwingine, labda pampu au chujio la mafuta.

Na ukishayatoa? Hiace za umbo jipya, zilizoanza kutoka 2004, nyingi zina sensa ya pili nyuma ya masega. Taa ya injini itawaka, na mashine ya kusoma gari italeta namba P0420. Kuna mafundi wanaoizima taa kwa ujanja. Matokeo yake, siku injini ikiwa na shida nyingine hutaambiwa. Matoleo ya zamani zaidi hayana sensa hiyo, kwa hiyo dashibodi itakaa kimya kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Hapa ndipo pwani inapoingia. Bomba la Hiace linapita chini ya sakafu ya abiria, na injini iko chini ya viti vya mbele. Hewa ya chumvi inakula chuma, na sehemu iliyochomelewa ndiyo huanza kuoza. Tundu likitoboka, moshi ambao haujasafishwa unapanda kupitia sakafu iliyooza au mpira wa kifuniko cha injini.

Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu: kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unasinzia. Abiria atasema ni joto. Dereva naye anavuta hewa hiyo hiyo. Fikiria gari la wanafunzi asubuhi ya mvua, vioo vyote vimefungwa.

Kisheria, Tanzania ina kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007 zinazogusa hadi moshi wa magari. Binafsi sijawahi kuona trafiki akichomeka kipimo kwenye bomba, ila hilo halimsaidii aliyekaa siti ya nyuma.

Mapya yana bei. Wengi hutafuta ya mtumba Ilala, ni sawa, mradi urekebishe kwanza injini inayokula oili, la sivyo yataziba tena. Na ya zamani usiyaache gereji! Mwaka 2021 rodiamu ilivuka dola 25,000 kwa wakia, na wanunuzi wa masega chakavu wanajua wanachotafuta.

Kama ulishayatoa, fanya hivi asubuhi injini ikiwa baridi, gari likiwa nje: mtu awashe, wewe ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache tu. Mwingine asikilize chini ya gari. Akisikia “fyuu” popote, chomelea hapo kabla ya kupakia abiria.