Kutoka Mogadishu hadi Bihawana

Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, nchini Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo kijana Mtanzania, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari ya Bihawana, hapa Dodoma. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata akafia gerezani. Wengi walistaajabu. Sisi twaona yafaa kuuliza: Al-Shabaab walifikwa na nini hata wakahitaji watoto wa shule?

Kundi hilo lilikuwa tawi la vijana la Muungano wa Mahakama za Kiislamu, uliotwaa Mogadishu Juni 2006. Wenyeji waliupokea vema, maana uliondoa vizuizi vya wababe wa vita barabarani. Desemba mwaka uo huo majeshi ya Ethiopia yakaingia, Muungano ukavunjika, vijana wakabaki na bunduki zao. Nani apendaye jeshi la kigeni mlangoni pake? Kwa hasira hiyo Al-Shabaab walinenepa, na kufikia 2009 walishika sehemu kubwa ya kusini, pamoja na bandari ya Kismayu na Barawa, mji wenye Kiswahili chake.

Kisha ikaja njaa ya 2011. Watawala hao walikuwa wamefukuza mashirika mengi ya misaada, huku wakizidi kutoza mifugo na nafaka. Walikufa watu wapatao robo milioni, zaidi ya nusu yao watoto wadogo. Wagogo waliosimuliwa na wazee habari za Mtunya, jinsi majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalivyobeba ng'ombe na nafaka kabla ya njaa ile kuua maelfu, watafahamu kwa nini Wasomali wengi waliacha kuwaona vijana hao kuwa watetezi wao.

Agosti 2011 waliondoka Mogadishu. 2012 wakapoteza Kismayu. 2014 wakampoteza kiongozi wao, Godane, na mwezi uliofuata Barawa.

Garissa ilikuja baada ya maanguko hayo, wala si kabla. Kushika mji kwataka jeshi, kodi na ridhaa ya watu. Kuvamia bweni la wanafunzi waliolala kwataka vijana wachache tu, nao waweza kutafutwa hata huku nyanda za kati.

Na wale waliomtazama kwa shaka kila Mwislamu wa mji huu baada ya habari ya Bihawana, tungependa wakumbuke Mogadishu, Oktoba 14, 2017. Lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500, karibu wote Waislamu. Al-Shabaab walilaumiwa, wenyewe hawakuthubutu kudai kazi hiyo.