Rangi za mimea ni halali, shaka iko kwa kilichochanganywa nazo

MWISLAMU anayenunua mtindi wa rangi ya waridi dukani mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, huenda akaridhika akiona pakiti imeandikwa 'rangi asilia'. Maneno hayo pekee hayatoshi.

Katika sheria ya Kiislamu, chakula huhesabiwa halali mpaka ipatikane dalili ya kukiharamisha. Mmea usiolevya wala kudhuru hauna mgogoro. Bizari ya manjano (E100) na bitiruti (E162) zimo humo. Vivyo hivyo mzingefuri (E160b), ambao wakulima wa Kwale huuita bixa na ambao mbegu zake hutumika kuzitia siagi na jibini rangi.

Utata huanzia kiwandani. Rangi ya bizari haiyeyuki katika maji, hivyo hukamuliwa kwa vimiminiko vingine, mojawapo ikiwa alkoholi. Wapo wanazuoni wanaoruhusu chembe zinazosalia baada ya alkoholi kuvukizwa, hasa ikiwa haikutokana na mvinyo. Wengine hawataki hata tone. Karotini (E160a) nayo, inapouzwa kama unga, mara nyingine hufunikwa kwa jelatini ili isiharibiwe na hewa. Jelatini hiyo yaweza kutoka kwa samaki, ng'ombe au nguruwe, na mara nyingi pakiti haisemi ni yupi.

Isitoshe, si kila rangi asilia ni ya mmea. Karmini (E120), nyekundu inayopendwa katika mtindi na peremende, hutokana na wadudu wanaoishi juu ya dungusi kakati, wanaofugwa zaidi nchini Peru. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, huharamisha kula wadudu isipokuwa nzige. Wafuasi wa Malik wamelegeza zaidi. Ajabu ni kwamba Baraza la Maulamaa la Indonesia, nchi ambayo pia ni ya Kishafii, liliihalalisha rangi hiyo mwaka wa 2011 kwa hoja kwamba mdudu huyo hana damu inayotiririka.

Kwa hivyo mitindi miwili ya rangi moja yaweza kutofautiana kihukumu: wenye E162 umetiwa bitiruti, wenye E120 umetiwa mdudu. Nambari, hata hivyo, haifichui alkoholi wala jelatini. Hayo hujulikana kwa kumuuliza mtengenezaji, au kwa cheti cha wakaguzi kama Kenya Bureau of Halal Certification.