Umesomea lugha, utafanya kazi gani?

Kila vyuo vikuu vinapotoa matokeo ya mwisho, huwa naletewa swali la aina moja. Kijana amepata shahada ya Kiswahili, au Kifaransa, au isimu, na nyumbani anaulizwa jambo ambalo ndugu yake aliyesomea uhasibu haulizwi: sasa utafanya kazi gani? Majibu anayopewa ni mawili tu, ualimu au kutafsiri. Ualimu una foleni ndefu ya kungoja ajira ya Serikali. Kutafsiri nako, siku hizi karani yeyote mwenye simu huipa mashine barua ya kawaida na kupata tafsiri ya kubabaisha kabla chai haijapoa. Wakati huohuo deni la Bodi ya Mikopo linamsubiri.

Kwanza tuelewe aliyesomea lugha anajua nini. Si kusema, maana kusema tunasema sote. Chukua neno kiboko. Mnyama akifa, tunasema kiboko amekufa. Mjeledi ukikatika, tunasema kiboko kimekatika. Hakuna mtoto wa Magomeni anayekosea hapo, lakini mwulize sababu, atakucheka. Aliyesomea lugha ndiye awezaye kuieleza kanuni iliyojificha, tena ndiye awezaye kuona mapema mahali ambapo maneno yatamkwaza mtu. Uwezo huo wa pili ndio wenye soko, ingawa wenye kuuhitaji mara nyingi hawajijui.

Twende hospitalini. Mgonjwa amepewa vidonge vitatu avigawe sawasawa katika saa 24. Anaambiwa "kutwa mara tatu". Sasa kutwa kwa wengi wetu ni toka asubuhi hadi jua kuzama, basi anavimeza vyote mchana, na usiku kucha dawa haimo mwilini. Mtoa dawa akajitahidi kurekebisha, akaandika "kila saa nane". Hapo kazua balaa jingine, kwa sababu kwetu saa nane ni wakati katika saa ya ukutani: moja ya mchana na moja ya usiku. Mgonjwa mtiifu atameza mara mbili. Ndiyo maana watu mitaani husema "masaa manane" wanapokusudia muda. Najua wako walimu wa sarufi wasiotaka hata kulisikia neno masaa, na watanikemea. Lakini kwenye bahasha ya dawa mimi ningeliacha lipite. Au, bora zaidi, ningeandika: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Kuyaandika upya maelezo kama hayo, kisha kuyajaribu kwa wagonjwa wachache kabla hayajapigwa chapa, si kutafsiri. Ni kazi kamili ya mtu wa lugha. Benki inaihitaji kwenye mikataba ya mikopo, kampuni za bima kwenye fomu za madai, kampuni za simu kwenye menyu. Anayetia sahihi asichokielewa leo, kesho atakuwa kwenye dawati la malamiko, na dawati hilo lina gharama yake.

Mahakamani mlango ulifunguka mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mtu alikuwa akishindwa kesi Mahakama Kuu na kuondoka na hukumu ya Kiingereza mkononi, akitafuta wa kumsomea. Wengi wanadhani kazi iliyobaki ni kuhamisha vitabu vya sheria kutoka lugha moja kwenda nyingine. Hiyo ni sehemu tu. Iko kazi ya kuamua istilahi na kuzilinda. Mdaiwa wa kesi ya madai si mshtakiwa wa kesi ya jinai. Neno dhamana linamtoa mtu rumande, na neno hilohilo ndilo linaloweka nyumba yake rehani benki. Mwandishi wa sheria anahitaji pembeni yake mtu anayeyaona mambo haya.

Halafu kuna kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 kutoka kwa TUKI, ambayo tangu 2009 imo ndani ya TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi hiyo haiishi. Angalia neno kuchakachua: lilivuma kwa habari za mafuta yaliyochanganywa, ukaja uchaguzi wa 2010, likahamia kwenye kura. Lazima awepo mtu wa kukusanya mifano, kutenga maana na kuamua lipi linaingia. Siku hizi hata wanaoifundisha kompyuta kusikia Kiswahili wanahitaji mtu wa namna hiyo, wa kusikiliza sauti za watu wa Mombasa, Lubumbashi na Mbeya na kuandika kilichosemwa kweli.

Kufundisha wageni sitakuchelewesha nako. Mpango wa Fulbright umewahi kuwapeleka vijana wa Tanzania na Kenya kuwa walimu wasaidizi wa Kiswahili katika vyuo vya Marekani. Huko ndiko swali la kiboko huulizwa wiki ya pili tu.

Sitaki kumdanganya mtu. Nafasi hizi ni chache, na hutaona tangazo gazetini linalosema "anatakiwa mwanaisimu". Shahada ya lugha peke yake ni jembe bila mpini. Iongezee sheria kidogo, au afya, au kompyuta. Na ukienda kuomba kazi usipeleke cheti pekee. Chukua fomu moja ya ofisi hiyohiyo, iandike upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, mpe mama yako aijaze, kisha mpelekee meneja zote mbili, ile yao na ile yako, uzilaze mezani pake.